Kinu Kilichokula Mkono

Baba alikuwa mtu wa kupiga. Alipiga chuma kwa sababu ndiyo kazi iliyomlisha, na alipiga watu kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kusema kwamba amekasirika. Karakana yetu ilikuwa Mwanga, jirani na Ujiji, nyuma ya soko, kati ya banda la mafundi cherehani na duka la pembejeo, na majirani walishazoea kusikia kwetu sauti za aina mbili: nyundo juu ya fuawe, na mtu anayelia. Mama aliondoka nikiwa bado shule ya msingi, akarudi kwao Kasulu na kovu juu ya jicho. Mafundi wasaidizi walikuja na kuondoka. Wa mwisho alipasuliwa mdomo kwa spana kwa kosa la kuiendesha mashine ya kukerezea bila mafuta. Baada yake hakuja mwingine.

Mimi nilibaki. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ufundi, ningeweza kutafuta kazi Mwanza au Dar, lakini niliipenda karakana ile, na nilipenda kumwangalia baba akiwa kazini. Alijifunzia ufundi kwenye reli enzi za ujana wake, na ukanda wote huu wa ziwa sijaona mtu mwingine aliyeweza kutoboa tundu kwenye chuma likatoka duara kamili kama lake. Akiwa kwenye mashine uso wake ulitulia na sauti yake ikashuka. Alipoizima ndipo ulipaswa kuwa mwangalifu. Nilijifunza kulisoma bega lake la kulia. Likipanda, nilisogea.

Ndugu wawili wa Ujiji walikuja kwetu mwanzoni mwa msimu wa chikichi. Babu zao walivuka ziwa kutoka Kongo, na ingawa familia ilishakuwa ya Ujiji kwa muda mrefu, wote wawili walimwita baba "Papa", kama wanavyoita kwao. Mkubwa alikuwa mfanyabiashara wa mawese, mtu mnene mwenye haraka, ambaye alianza kuzungumza kabla hajakaa. Mdogo wake alikuwa golikipa wa timu ya mtaa wao, mrefu, mcheshi. Alikuwa mtu wa kwanza kumfanya baba acheke ndani ya karakana ile kwa muda mrefu sana.

Mkubwa alitaka kinu kinachosafiri. Vijiji vya kaskazini, Mwamgongo na vingine vya pwani ile, watu wanavifikia kwa boti. Huko wanawake walikuwa wanatwanga chikichi na kuzikanyaga kwa miguu, na mafuta mengi yalibaki kwenye makapi. Yeye aliwaza kinu kipakiwe kwenye boti pamoja na injini yake, kishushwe ufukweni, kikamue chikichi za kijiji, kisha kipakiwe tena. Kwa hiyo kisizidi upana wa nafasi iliyopo kati ya mbao za boti, na wanaume wawili waweze kukibeba mchangani. Alikuja na bomba la chuma alilolipata kwenye vyuma chakavu, akasema kila kitu kiingie humo.

Hapo ndipo tabu ilipoanza. Chikichi zilizopikwa hubanwa na skrubu kubwa inayozungushwa na shafti, na shafti hiyo lazima iwe nene, la sivyo inajipinda na kukatika. Kati ya shafti nene na ukuta wa bomba ilibaki nafasi ya upana wa kidole changu cha mwisho. Beringi ya kawaida, ile ya gololi, haikai hapo. Ukichagua yenye tundu la kupitisha shafti, kwa nje inazidi bomba. Ukichagua inayoingia kwenye bomba, tundu lake ni dogo na shafti itabidi uichonge hadi iwe kama mpini wa jembe.

Baba akaamua kuweka bushi za shaba. Bushi ni pete tupu. Shafti inazunguka ndani yake ikitegemea grisi. Nilimwambia mvuke na maji ya chikichi vitaiosha grisi yote, na mzigo ni mkubwa mno kwa bushi. Nikamwambia zipo beringi za sindano. Nilizijua chuoni na kwenye giaboksi za magari: badala ya gololi zina vijiti vyembamba vya chuma vilivyopangwa kimoja kando ya kingine kuizunguka shafti. Kwa kuwa ni vyembamba havili nafasi, na kwa kuwa ni virefu vinaigusa shafti kwa urefu wake wote, hivyo vinabeba mzigo ambao gololi za kutosha nafasi ileile zisingeubeba.

Nilikuwa natazama mchoro, sikuliona bega. Kofi lilinipata sikioni nikaangukia ubao wa zana. Alisema chuma chembamba kama kijiti cha kiberiti hakiwezi kubeba kinu, na kwamba yeye alikuwa anaweka bushi kwenye mabehewa kabla mimi sijazaliwa. Sikio lilivuma hadi jioni. Bushi zikawekwa.

Kinu kilianza kazi Ujiji kwa majaribio, uani kwa yule mkubwa, kabla ya kupakiwa kwenye boti. Mwanzoni hakikuwa na shida. Kisha simu zikaanza. Kinalia. Kinashika moto. Kinasimama, halafu kinaendelea chenyewe. Baba aliwajibu waongeze grisi, nao wakaongeza. Asubuhi moja wakapiga tena, na kwa kuwa baba alikuwa na kazi ya mtu kwenye mashine, nilichukua kopo la grisi na spana nikapanda bodaboda.

Niliusikia mkanda unaounganisha injini na kinu kabla sijafika getini. Ulikuwa unapiga mayowe juu ya puli, maana yake injini inazunguka na kinu kimegoma. Uani palinuka mpira ulioungua. Mkubwa hakuwepo. Mdogo wake alikuwa ameinama juu ya mdomo wa kinu, mkono wa kulia umezama hadi juu ya kiwiko, anachomoa chikichi. Alidhani ndizo zilizokaba. Bushi ndiyo iliyokuwa imeing'ang'ania shafti kwa joto, na bushi ya namna hiyo ikipoa kidogo tu huachia. Nilifungua mdomo nimwambie autoe mkono. Bushi ikaachia.

Skrubu haikuzunguka kwa kasi. Kinu cha chikichi kinakwenda polepole, ndiyo maana kina nguvu. Nilimwona akivutwa, bega likashuka, shavu likagonga chuma. Kwenye matundu ambako mafuta hutokea kulikuwa na mawese, na mawese ni mekundu, kwa hiyo kwa kitambo kidogo mtu asingejua kinachotoka. Kisha kikawa chepesi zaidi, kikaanza kuruka. Niliirukia injini nikaizima, lakini gurudumu lake zito liliendelea kuzunguka na kinu kikaendelea nalo. Hakupiga kelele hadi kiliposimama.

Kumtoa ilibidi tuizungushe skrubu kinyume kwa mikono. Mimi nilishika puli, mke wa mkubwa alimkumbatia kwa nyuma. Kila nilipozungusha alinitukana, tusi baya kuliko lililopita, na mimi niliendelea kuzungusha. Hospitalini walikata kilichobaki, karibu na bega.

Walikuja karakana kesho yake mchana. Wajomba, binamu, vijana wa timu, na mkubwa mwenyewe mbele yao. Wengi walishika nondo. Baba alikuwa anakereza. Hakuna aliyetoa salamu. Wa kwanza aliipiga taa ya mashine, vioo vikaturukia, na baba akageuka bega likiwa limepanda. Alimvunja mmoja pua kwa ngumi. Mwingine alimchoma shingoni kwa chuma kilichokuwa bado cha moto, na nilisikia nyama ikitoa sauti. Halafu nondo ikampata baba gotini, kwa ubavu, na goti likaenda upande ambao goti haliendi.

Alipoanguka walimzunguka wakampiga kimyakimya, wakipokezana, kama watu wanaotwanga. Niliingia katikati nikapigwa mgongoni na kwenye mkono. Sidhani kama walinikusudia. Mafundi cherehani walisimama mlangoni kwao. Aliyekuja ni mmoja tu, mama wa makamo anayeshona sare za shule, mkasi ukiwa bado mkononi. Alimshika mkubwa shati kwa nyuma, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mtamuua. Ukishamuua, mkono wa mdogo wako utaota?"

Mkubwa alisimama. Alikuwa analia, makamasi yanamtoka, na sidhani kama alijua. Wengine walipoona ameacha, wakaacha. Waliondoka wakikanyaga vyuma vyetu, na mmoja alirudi kumtemea baba mate.

Polisi waliuliza kama tunafungua kesi. Baba, uso umevimba hata macho hayaonekani, alijibu hapana. Niliwaka hasira. Nilimwambia ameshazoea kupiga watu wasioweza kumrudishia, na sasa amekutana na walioweza, ndiyo maana anaogopa. Aligeuza uso ukutani.

Mwenyekiti wa mtaa ndiye aliyetukutanisha, baba akiwa tayari anatembelea magongo. Maneno yalikuwa mengi, nayaruka. Mwisho walikubaliana kwamba kinu kitengenezwe upya na sisi, na baada ya hapo hakuna wa kumfuata mwenzake. Mkubwa akaongeza sharti moja. Hakumwita baba Papa tena.

"Siku ya kukiwasha, Mzee, utakilisha wewe mwenyewe. Kwa mkono, si kwa mti. Mpaka chikichi ziishe."

Mwenyekiti alisema hayo ni mambo ya kukomoana. Baba alimkatiza. "Nitakilisha," alisema.

Nilikifungua kinu peke yangu. Bushi ya nyuma ilikuwa nyeusi kama kaa, imekwanguka, na vipande vyake vimejibandika kwenye shafti. Ndani ya skrubu nilikuta mambo ambayo nilikuwa najua nitayakuta, nikayaosha. Baba alikuwa amekaa kwenye stuli akiniangalia. Alianza kusema tuweke bushi nene zaidi, tuvute na bomba dogo la mafuta kutoka juu ili isikauke. Nilimwambia hapana. Alirudia. Nikamwambia hapana mara ya pili, na gongo likanishukia begani.

Nililikamata. Nilivuta, naye akaja nalo, akaanguka kifudifudi kwenye maranda ya chuma. Sikumwinua. Nililiegemeza gongo kwenye fuawe nikalipiga kwa nyundo mpaka likakatika, kisha nikaendelea kuvipiga vile vipande. Nikamwambia akinigusa tena naondoka siku hiyohiyo, na atakwenda kukilisha kile kinu akiwa na bushi zake.

Alikaa pale sakafuni, damu inamtoka kwenye kidevu.

"Nionyeshe hizo sindano," alisema.

Kuchagua beringi ya mahali pafinyu kunaanza na kupima, na nilipima hadi macho yakauma. Bomba lilikuwa limebonyea, si duara. Shafti ilikuwa na makovu. Niliingia maduka yote ya spea ya Mwanga, nikapekua vyuma chakavu Katubuka, nikafungua giaboksi zilizokufa. Kwanza nilizitaka beringi za sindano zenye pete mbili, ya ndani na ya nje, kwa sababu hizo haziombi chochote kutoka kwa shafti wala kwa bomba. Hazikuingia; pete zilimaliza nafasi yote. Nikaangalia zile zisizo na pete, sindano tupu ndani ya fremu yao. Hizo zilienea vizuri, lakini zinakimbia juu ya chuma chako mwenyewe, na chuma cha bomba letu kilikuwa laini. Zingekitafuna.

Nikabaki na zile zenye ganda jembamba kwa nje, kama kikombe kisicho na kitako, ambalo linashindiliwa ndani ya tundu. Ganda lile ni jembamba kiasi kwamba halina umbo lake. Linachukua umbo la tundu. Tundu likiwa yai, beringi nayo inakuwa yai, na sindano zinaanza kuvunjika moja moja. Na kwa ndani, sindano zingezunguka moja kwa moja juu ya shafti, kwa hiyo shafti lazima iwe ngumu kama zenyewe. Ya zamani nilipoipitishia tupa, tupa iling'ata. Nikatafuta ekseli ya lori iliyotupwa. Pale tupa iliteleza kama inapita juu ya kioo. Niliichukua ekseli kwanza, ndipo nikatafuta beringi za kuienea, maana ukiichonga ekseli ngumu ili ienee beringi unaondoa ule ugumu uliokuwa unautafuta.

Kwa mwenye duka mmoja tulikaribia kushikana mashati. Alinipa beringi mpya, za kung'aa, ndani ya boksi. Nilipoizungusha moja karibu na sikio nikasikia sindano zinachezacheza, nyingine fupi kuliko wenzake. Alisema mwanamke ataisikiaje beringi. Nikaichukua nyundo yake ya kaunta nikaipiga ile beringi palepale mbele ya wateja, ganda likapasuka kama la yai. Alikuja upande wangu wa kaunta na mkono juu, akaniangalia usoni, akaushusha. Nadhani aliona kwamba siku ile sikuwa wa kuguswa.

Lipo jambo ambalo mimi sikuliona, baba ndiye aliyeliona. Aliisukuma skrubu kwa kiganja, akauliza, hii ikisukuma chikichi mbele, yenyewe inasukumwa wapi. Nikasema nyuma. Akauliza kama sindano zangu zinazuia kwenda nyuma. Hazizuii. Zinabeba mzigo unaokandamiza shafti kwa ubavu, lakini shafti ikisukumwa kwa urefu wake inateleza tu ndani yake. Tungekiwasha vile, shafti ingerudi nyuma na kula ukuta wa kinu. Kwa hiyo nyuma kabisa tukaweka beringi nyingine ya sindano, bapa, ambayo sindano zake zimelazwa kwenye sahani kama miale. Unene wake ulikuwa wa sarafu mbili tatu zilizobebanishwa, na pengo tulilokuwa nalo halikuzidi sana hapo. Mbele tukafunga sili za mpira kuzuia mvuke.

Tundu alilitoboa yeye. Goti halikuweza kumsimamisha, kwa hiyo nilimfunga kiunoni kwa kamba kwenye nguzo iliyo mbele ya mashine, akafanya kazi akining'inia nusu, jasho linadondoka kwenye chuma. Alipunguza kidogo, akapima, akapunguza tena. Maumivu yalipozidi aliuma kitambaa. Nilipoingiza kipimo nikakizungusha, duara lilikuwa kamili pande zote. Maganda tuliyashindilia taratibu kwa kipande cha mti, maana ukiyapiga kwa nyundo yanapinda.

Siku ya kukiwasha walijaa uani. Wale waliokuja na nondo walikuwepo, yule mwenye pua iliyopinda, yule mwenye jeraha la moto shingoni. Mdogo alikaa kwenye kiti cha plastiki kivulini, mkono wa shati umekunjwa na kubanwa kwa pini. Alikuwa amekonda. Nilimsalimia, akaitikia kwa kichwa.

Injini ikawaka. Baba aliegemea gongo lake jipya, akaingiza mkono kwenye chikichi za moto, akazitupia kinuni, na vidole vyake vikafuata hadi ndani ya mdomo wa kinu. Akatoa, akachota tena. Chikichi zilikuwa zimetoka jikoni sasa hivi na ngozi yake ilianza kubadilika rangi. Mimi niliweka kiganja juu ya nyumba ya beringi nikakiacha hapo, nikisubiri moto. Haukuja. Mkanda haukulia. Kilichosikika ni injini, na kokwa za chikichi zikipasuka, na mafuta yakidondokea kwenye beseni. Ndoo zikaisha, zikaletwa nyingine. Watu walianza kulegea, wengine wakaanza kuongea mambo yao. Mke wa mkubwa alileta chai.

Mdogo aliinuka akaja. Aliweka mkono wake wa kushoto pale nilipokuwa nimeweka wangu, akauacha muda mrefu. Aliniuliza tumeweka nini humo. Nikamweleza. Akauliza kama ni kitu kipya, kama zimeletwa majuzi kutoka nje. Baba akatoa mkono wake kwenye kinu, umevimba, unadondosha mafuta.

"Zilikuwepo," alisema. "Binti yangu aliniambia tangu mwanzo. Nikampiga kofi."

Yule kijana alimtazama, akakitazama kinu kinavyozunguka.

"Kumbe ilikuwa inawezekana," alisema.

Aliizima injini yeye mwenyewe, akaingia stoo, akatoka na nyundo kubwa ya kupasulia mawe. Pigo la kwanza lilikwenda ovyo, mkono wa kushoto haujui. La pili lilipata bomba. Kaka yake alimrukia, na baba, kwa gongo na goti lile, akajitupa katikati yao. Mkubwa akamsukuma, akaanguka, akashika mguu wa mkubwa kwa mikono yote miwili, ule uliochomwa na chikichi ukiwemo.

"Mwache apige," alisema. "Mwache."

Alipiga. Alipiga bomba mpaka likapasuka kwenye maungio, akapiga puli, akapiga mdomo wa kinu. Kila pigo lilimyumbisha kwa sababu hakuwa na mkono wa pili wa kumshikilia. Nyumba ya beringi ilipofunguka, sindano zilimwagika kwenye mchanga uliolowa mafuta, naye akazifuata hukohuko, akazipiga moja moja zikizama ardhini. Kisha akamgeukia baba pale chini, nyundo ikining'inia. Watu walirudi nyuma. Mimi nilikuwa nimeshika spana na nilishaamua nitampiga wapi. Baba hakujikinga uso. Yule kijana akainama, akatapika chai, akakaa juu ya kinu kilichovunjika. Kaka yake alimwendea. Hakumgusa kwanza, alisimama tu karibu naye, halafu akakaa.

Tulikitengeneza tena. Hakuna aliyetulazimisha. Ekseli ilipona, tundu baba alilitoboa upya kwenye bomba jingine, na beringi nilizitafuta zingine kwa kipimo kilekile. Nilikisindikiza mwenyewe Mwamgongo kwenye boti, kikakaa kati ya mbao kama mkubwa alivyotaka, na wanaume wawili walikishusha mchangani. Bado kipo huko. Nimekibadilishia sili tu. Mkubwa alikiuza baadaye kwa kikundi cha wanawake wa kijiji kile, na mimi na yeye tunasalimiana, lakini hatukai.

Watu huniuliza kama baba aliacha kupiga. Mimi hakunipiga tena. Kuna mteja mmoja ambaye baba aliwahi kumpiga gongo la mgongoni, na nikawa mimi wa kwenda kumwomba radhi. Goti halikupona vizuri, na miaka yake ya mwisho aliimaliza kwenye stuli, akikosoa kazi yangu kwa maneno, na maneno yake yalikuwa machafu vya kutosha. Alipofariki, yule mama wa sare za shule alikuja kukaa nami matanga yote.

Yule mdogo nilimkuta Kibirizi, kwenye mwalo wa kushushia samaki, amekuwa mnunuzi wa dagaa. Alikuwa anahangaika na gunia nyuma ya bodaboda. Tulisalimiana. Akauliza kama Mzee bado yupo. Nikamwambia amefariki. Aliangalia majini, kisha akaniomba nimshikie kamba. Niliikaza kwa mikono yote miwili, goti nimelikandamiza kwenye gunia, naye akaipitisha ncha chini na kuivuta kwa meno mpaka fundo likashika.